Sinema ya Ndoo ya Rangi

Marta Nzunda hakuwa mtu wa mabanda ya video. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na mwenye mgahawa wa mabati pale Chapwa, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Banda la Isaka aliliingia mara moja tu kwa siku, saa nane mchana, kumpelekea mwenyewe hotipoti ya wali na maharage. Aliiweka mezani, akasema "chakula hicho", akatoka. Miaka minne alifanya hivyo bila kuitazama skrini, maana kila akipita alikuta watu wanarushiana mateke, na yeye mateke hakuwa na haja nayo.

Jumanne moja alikuwa ameshashika pazia atoke, aliposikia mtu akiongea Kinyiha.

Hakikuwa Kinyiha cha stendi, kilichochanganywa na kila kitu. Kilikuwa cha nyumbani, cha bibi kizee, kinachovutwa mwishoni kama mtu anayemwita mjukuu kutoka ng'ambo ya shamba la kahawa. Na kilitoka kwenye runinga. Marta akageuka.

Kwenye skrini kulikuwa na mtu aliyevaa ndoo kichwani. Ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, imepulizwa rangi ya fedha lakini maandishi ya kiwandani yanachungulia kwa chini. Mbele ilikatwa dirisha, likazibwa kwa plastiki ya chupa ya maji. Mtu huyo aliketi ndani ya tangi la maji lililolazwa ubavu, amezungukwa na nyaya na taa za pikipiki, na mkononi ameshika redio ya upepo. Kwenye redio bibi alikuwa akimuuliza amekula nini leo huko juu. Mwenye ndoo akajibu, kwa sauti ya mwanamke, kwamba amekula unga wa jana, na kwamba asiwe na wasiwasi, nati iliyokuwa imelegea ameshaikaza.

Marta alikaa kwenye benchi la nyuma.

Banda zima lilikuwa linacheka. Walikuwemo vijana kama ishirini, wabadilisha fedha waliopumzika, waendesha bodaboda, na utingo wawili watatu.

"Isaka, umetuwekea nini? Hiyo si ndoo ya fundi wangu wa nyumba?"

"Roketi ya kuhifadhia maji!"

"Tuwekee mpira, bwana!"

Mwenye ndoo akasema anakwenda kukagua mtambo, akatoka nje ya tangi. Nje kulikuwa kweupe, kweupe mpaka macho yanauma, ardhi ya vumbi na mashimo, na juu yake anga jeusi lenye nyota. Marta aliutambua ule weupe mara moja. Yalikuwa machimbo ya chokaa ya Nanyala, ambayo amepita kando yake mara zisizo na idadi akiwa ndani ya basi. Nyota nazo alizielewa: nailoni nyeusi iliyotobolewa kwa sindano, taa nyuma yake. Alielewa yote hayo, na bado vinyweleo vya mikono vilimsimama. Miaka yote hiyo alikuwa akipita pale anaona chokaa tu. Huyu mtu alipita pale akaona mwezi.

Kisha mbuzi akakatiza. Mbali kule nyuma, juu ya ukingo wa shimo, mbuzi mweusi alipita taratibu, akasimama, akatazama kamera, akaendelea na safari zake.

Banda likalipuka. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka. "Mbuzi mwezini! Jamani, mbuzi mwezini!" Marta naye alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kitenge. Lakini alipomaliza kucheka alitaka kujua nini kinafuata, na hapo ndipo aligundua kwamba wenzake walikuwa hawataki.

Isaka aliinuka, akachomoa flashi. Skrini ikawa ya buluu.

"Haya, yameisha," akasema. "Mpira huo unakuja."

"Rudisha," Marta akasema.

Isaka alimtafuta kwa macho gizani, hakuamini. "Mama Wili? Bado upo?"

"Nipo. Rudisha ile ya ndoo. Tumefika anakwenda kukagua mtambo."

"Mama, watu hawaitaki."

"Mimi si mtu?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Mmoja akasema mama amepatwa na wazimu. Isaka, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda banda lake liwe na amani, alimjia karibu akamwambia kwa upole kwamba ile sinema ilikuwa ya majaribio tu, binti mmoja wa Nanyala alimbembeleza aiweke, na sasa ameona mwenyewe. "Ndiye yule pale," akaongeza, akionyesha kwa kidevu.

Kwenye kona ya mwisho aliketi msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mwembamba, amevaa suruali na koti la jinzi, ameukumbatia mkoba wake kama abiria anayeogopa wezi. Uso alikuwa ameuinamisha. Isaka alimwekea flashi mkononi, naye akaipokea bila neno, akainuka kutoka.

Marta alimfuata mpaka nje kwenye jua.

"Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya ndoo," akamwambia. "Nimekujua hata kabla hujafungua mdomo. Ulipokuwa umekaa pale midomo yako ilikuwa bado inayafuata maneno ya fundi."

"Shikamoo mama," msichana akasema. "Naitwa Lusungu. Samahani kwa kukupotezea muda."

"Marahaba. Nani kasema umenipotezea? Yule bibi wa kwenye redio ni nani?"

"Bibi yangu. Mzaa mama."

"Anajua kuongea. Haya, yule fundi alikwenda kukagua mtambo. Ikawaje?"

Lusungu alimtazama kwa mashaka, akidhani labda ni dhihaka ya aina nyingine, ya wazee. Akasema ni hadithi ndefu. Akasema yeye anapiga video za harusi pale Vwawa, na ile sinema aliitengeneza kwa miaka miwili, siku ambazo hakuna harusi, na kwamba basi la kurudi linaondoka saa kumi.

"Basi litakuacha," Marta akasema. "Mimi nina runinga pale kwangu. Tunakwenda kuitazama mpaka mwisho."

Hakujua mwenyewe kilichompa ujasiri wa kumwamrisha mtoto wa watu hivyo. Ila njiani, wakiruka madimbwi ya mafuta kando ya foleni, alikumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa miaka arobaini na zaidi. Akiwa na miaka kumi walipelekwa na shule kukiona kimondo kule Ndolezi, lile jiwe la chuma lililodondoka kutoka angani. Wenzake walilipanda na kuteleza. Yeye aliporudi nyumbani alimuuliza baba yake: kule lilikotoka, kuna mtu anajua kwamba limepotea? Baba yake akamwambia kuni zimekwisha. Akaenda kuokota kuni, na tangu hapo hakumuuliza tena mtu yeyote swali la namna hiyo.

Uwanja wa Marta ulikuwa nyuma ya mgahawa. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha ukoo wa marehemu mumewe. Kwenye nyumba ya mbele, yenye mita ya umeme, aliishi shemeji yake Yonasi, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyependa kelele. Marta na runinga yake ya inchi thelathini na mbili, aliyotumiwa na mwanawe Wiliam kutoka Makambako, waliishi chumba cha nyuma.

Chumba hakikutosha, kwa sababu Marta alikuwa ameshawaambia watu. Aliwaambia madereva waliokuwa wakila: leo kuna sinema, imetengenezwa hapahapa kwetu, anayetaka aje, atakayecheka vibaya nitamnyima chai. Wengi walikuwa na siku ya nne kwenye foleni. Mtu wa siku ya nne kwenye foleni anakubali chochote. Dereva mmoja Mzambia wa Kitwe, mnene, mchangamfu, aitwaye Lucky, ambaye lori lake lilisimama ukutani kabisa mwa uwanja huo, alileta turubai la mzigo wake, wakalifunga kutoka kwenye paa la jiko mpaka kwenye ukuta. Chini yake kukawa na giza la kutosha. Runinga ikawekwa juu ya kreti za soda. Watu kumi na wanne wakaketi kwenye mabenchi na madumu.

"Bamayo, mama yangu, kama mbaya nitalala," Lucky akasema.

"Lala. Usikorome tu."

Lusungu akachomeka flashi. 

Sinema iliitwa *Fundi wa Kituo cha Mbali*. Ilieleza hivi: miaka mingi ijayo, fundi mmoja mwanamke anatumwa mwezini kwa miezi sita kutengeneza mtambo. Anautengeneza. Miezi sita inakwisha. Anapiga redio ofisini kuomba kibali cha kushuka, na sauti inamjibu: "Subiri. Kibali chako kinashughulikiwa." Anasubiri. Anapiga tena. "Mfumo uko chini. Subiri." Mwaka unapita. Anapiga. "Afisa anayehusika ametoka kidogo."

Kwenye hiyo ya afisa aliyetoka kidogo, madereva waliguna kwa pamoja. Halafu mmoja akapiga paja lake kwa nguvu. "Huyu ni mimi!" akasema. "Jamani, huyu dada ni mimi kabisa!"

"Muulize karatasi zote anazo?" mwingine akapiga kelele.

"Anazo, mukwai, anazo bwana, mimi nimeziona!" Lucky akajibu, na tangu hapo hakuna aliyezungumzia kulala.

Mbuzi alipopita walicheka, bila shaka. "Na mbuzi si kiumbe?" Marta akauliza. "Au mwezi mmeununua nyinyi?" Wakaendelea. Walimtazama fundi akilima mchicha ndani ya kopo. Walimtazama akijikata nywele kwa koleo, ameipa kamera mgongo. Jioni baada ya jioni bibi alimpigia redio kutoka duniani, na kila mara sauti ya bibi ilikuwa nyembamba kidogo kuliko mara iliyotangulia. Hakuna aliyesema bibi anaumwa. Ilikuwa ni kusikia tu. Dereva mmoja ambaye hakujua Kinyiha alimnong'oneza Marta amtafsirie, na Marta akawa anatafsiri kwa wote, kwa sauti ya chini, bila kuondoa macho kwenye skrini. Waliona waya wa kamera kwenye pembe ya picha. Walisikia honi ya bodaboda ikipita mwezini. Hayo yote yalikuwepo, na Marta aliyaona kama anavyoona viraka kwenye shuka safi.

Alikuwa na furaha. Alilihisi hilo waziwazi, mgongoni, kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Ndipo umeme ukazimika.

Haukuzimika mtaani, redio ya kinyozi wa jirani iliendelea kupiga. Marta alitoka chini ya turubai na kumkuta Yonasi amesimama mlangoni mwa nyumba ya mbele, funguo mkononi. Alikuwa ameshusha swichi kuu na kufunga mlango.

"Shemeji, washa umeme," Marta akasema.

"Mama Wiliam, njoo tuongee pembeni."

"Tuongee hapa."

Yonasi alipunguza sauti. "Nimepigiwa simu mara mbili. Wananiambia mke wa marehemu mdogo wangu alikuwa kwenye banda la video na vijana, anagombania sinema. Naja hapa nakuta umejaza wanaume gizani, chini ya turubai, na msichana wa suruali, mnaangalia watu wenye ndoo wanaongea na mizimu."

"Si mizimu. Ni mwezini."

"Wewe ni mama wa kanisa. Una heshima yako. Hiki kiwanja ni cha ukoo."

"Shemeji," Marta akasema, na akasikia sauti yake ikipanda yenyewe, ile sauti ya pili ya kwaya ambayo siku zote ilikaa chini ya sauti za wenzake, "miaka kumi na tisa napika hapa. Ukoo ukitaka kula, nimepika. Msiba ukitokea, nimepika. Hakuna siku hata moja mtu ameniuliza, Marta, wewe unapenda nini. Wala mimi sikujiuliza. Leo nimekiona ninachokipenda, na ninakipenda, na sina cha kukuficha. Washa umeme."

"Siwashi."

"Basi usiwashe."

Akamwacha hapo. Chini ya turubai madereva walikuwa wamekwisha kusikia kila kitu. Lusungu alikuwa ameinuka, mkoba begani. "Mama, basi," akasema. "Usigombane na watu wako kwa ajili yangu. Si kitu cha kufa na kupona. Ni sinema ya ndoo."

"Kaa chini," Marta akamwambia. "Wewe miaka miwili umevaa hiyo ndoo kwenye jua la Nanyala, leo unaiita sinema ya ndoo? Waache wengine waiite hivyo. Wewe usiiite."

Lusungu akakaa.

Lucky alikuwa ameshapotea. Alirudi akipitisha waya mrefu juu ya ukuta. Ndani ya lori lake alikuwa na inveta ya kuchemshia maji ya chai safarini, na betri mbili zenye nguvu za kuwasha nusu ya mtaa. Akachomeka runinga. Ikawaka. Watu wakapiga makofi, na kule mbele ya nyumba Yonasi alisikika akifungua mlango wake na kuubamiza.

Sasa fundi alikuwa amechoka. Usiku ule bibi hakupiga. Wala uliofuata. Fundi alipiga ofisini, na sauti ikamwambia kibali kinashughulikiwa. Plastiki ya chupa ikajaa mvuke wa pumzi zake, uso wake usionekane hata kidogo. Kisha akazima redio. Akaanza kufunga mikanda ya tangi.

"Anashuka!" mtu akanong'ona. "Bila kibali!"

Nje, honi ikapigwa. Kisha nyingine. Foleni ilikuwa imeanza kusogea.

Kila dereva aliyekuwa chini ya turubai alijua maana yake. Ukipitwa na nafasi yako, umepoteza siku. Watano waliinuka, wakatazamana, wakatazama skrini. Lakini wao malori yao yalikuwa nyuma ya Lucky, na Lucky hakuinuka. Akiondoa lori, waya unakatika.

"Zimebaki ngapi?" akamuuliza Lusungu.

"Dakika sita."

Honi zikawa kumi, zikawa ishirini, mlolongo mzima mpaka kule bondeni ukilia. Utingo mmoja aligonga mlango wa lori la Lucky kwa ngumi akitukana. Lucky alimtazama Marta, jasho likimtoka usoni. "Bamayo, wataniua."

"Tazama," Marta akasema. "Wewe tazama."

Akatoka.

Alipita kwenye mgahawa, akatokea barabarani, akasimama katikati, mbele ya lori lililokuwa likijaribu kujipenyeza kumpita Lucky. Lilikuwa kubwa, jekundu, pua yake juu kuliko kichwa chake. Alinyanyua mikono yote miwili. Aproni yake ilikuwa na madoa ya maharage.

"Mama, toka barabarani!" dereva akapiga kelele kutoka juu.

"Sitoki! Dakika sita!"

"Kuna nini? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa! Kuna sinema!"

Dereva alizima honi kwa mshangao. "Sinema?"

"Umesubiri siku nne hujamgombeza mtu," Marta akamwambia. "Waliokuambia usubiri siku nne hukuwapigia honi. Mimi nakuomba dakika sita. Hesabu kwenye simu yako. Zikipita sita, nikanyage."

Watu walianza kujaa. Vijana wa banda la Isaka walikuwemo, wakirekodi kwa simu. Mtu wa bodaboda akasema ndiye yule mama wa mbuzi mwezini. Wengine walicheka, wengine wakamwambia aone aibu na umri wake. Marta alibaki amesimama, mikono juu, mabega yakiuma. Nyuma yake, kutoka chini ya turubai, alisikia kishindo cha roketi, ambacho bila shaka kilikuwa mtu anayetikisa bati. Alisikia watu wakisema "aah!" kwa pamoja. Alitamani kugeuka. Hakugeuka. Kisha mtu mmoja, hakujua nani, akapenga kamasi.

Dereva wa lori jekundu alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Tano na nusu," akasema, sauti imelainika. "Inahusu nini hiyo sinema?"

"Mtu aliyeambiwa asubiri."

Dereva alitikisa kichwa taratibu. "Mwache amalize basi."

Lucky alitoka mbio akikusanya waya mkononi, macho mekundu, akapanda lori lake na kuliwasha. Dirishani alipunga mkono. "Natotela, bamayo! Asante!" Turubai alilisahau, walilikimbiza mbele wakamrushia. Wenzake wakatawanyika kwenye malori yao, wakibishana kwa sauti hata wakipanda.

"Bibi amekufa, ndiyo maana!"

"Hajafa! Ungekuwa wewe ungefungua haraka hivyo?"

"Nyamazeni!" Marta akawafokea. "Mimi sijaona! Msiniambie!"

Aliporudi uwanjani alimkuta Lusungu peke yake kati ya mabenchi matupu. Msichana alikuwa analia, si kwa uchungu. Wakaingia jikoni, wakakaa kwenye vigoda karibu na mafiga, na Lusungu akatoa simu yake, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Sinema nzima ilikuwemo. Marta aliishika karibu na uso kwa mikono miwili, akaziona dakika sita zake.

Tangi lilitikisika. Nyota za nailoni zilipita kwa kasi. Kukawa giza, halafu kweupe. Marta alidhani ni chokaa tena, kwamba fundi amerudi palepale mwezini. Kisha upepo ukapita na ule weupe ukacheza. Yalikuwa maua ya kahawa, shamba zima limechanua, kama linavyochanua Mbozi wiki ile moja baada ya mvua za kwanza. Fundi alitembea katikati yake, ndoo kwapani, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana. Alifika kwenye nyumba ya matofali. Mlango umefungwa. Akagonga. Akasubiri kidogo. Akanyanyua mkono agonge tena, na picha ikaishia hapo.

Marta alikaa na simu mkononi hata baada ya kioo kuzima.

"Katikati ni ndefu mno," akasema mwishowe. "Pale pa mchicha. Tulishaelewa unaota."

Lusungu akacheka huku anajifuta pua. "Kweli mama. Hata mimi najua."

"Lakini mwisho usiuguse. Watakuambia umfungulie mlango. Usimfungulie."

Jumapili baada ya ibada Yonasi aliitisha kikao cha ukoo. Waliketi sebuleni kwake watu tisa. Alieleza yote, kwa haki, bila kuongeza chumvi: banda, turubai, barabara iliyozibwa, video inayozunguka kwenye simu za watu mpaka Mlowo. Akasema hana ubaya na shemeji yake, ila anatakiwa aombe radhi, na asirudie.

"Nimewasikia," Marta akasema. "Aliyecheleweshwa barabarani namwomba radhi. Kwa kupenda sinema, siombi."

Minong'ono ikapita. Mama mkwe wa Marta, Bibi Atuganile, mzee wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa milima ya Ileje, ambaye siku zote alisinzia kwenye vikao, alifungua macho. "Hiyo sinema inahusu nini hasa?" akauliza. "Mnagombana tu, hamsemi."

Yonasi akasema mama, haina maana. Marta hakungoja ruhusa. Akaanza kuisimulia. Alianza na ndoo, kwa sababu hakutaka mtu aseme ameificha. Akaja kwenye mtambo, na nati, na miezi sita. Alipofika kwenye ofisi alitoa sauti ya afisa kwa puani, na mjomba mmoja ambaye miaka mitatu alikuwa akifuatilia hati ya shamba aliguna kwa nguvu. Kwenye sauti ya bibi alihamia Kinyiha bila kujua. Hakuna aliyetikisika. Yonasi alikuwa ametazama dirishani, lakini hakuinuka.

"Akagonga," Marta akamaliza. "Akanyanyua mkono agonge tena. Basi."

"Bibi yake akafungua?" Atuganile akauliza.

"Hatujui, mama. Inaishia hapo."

Kizee alifikiri. "Mimi masikio yangu hayasikii mara ya kwanza," akasema. "Agonge tena."

Yonasi alikohoa. Akasema hadithi ni hadithi, lakini uamuzi unabaki palepale: hakuna sinema kwenye kiwanja cha ukoo, na mita ya umeme ni yake. Wawili watatu wakamwunga mkono. Wengine walitazama sakafu. Marta alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Lucky ameniambia anarudi Jumamosi na mzigo," akasema. "Saa tisa mchana tutaitazama tena, na betri zake. Wenzake wataleta wenzao. Mama, wewe nitakuwekea kiti cha mbele, karibu na spika. Shemeji, ukiamua kufunga mlango wako, funga. Mimi wangu utakuwa wazi."

Akatoka, akaenda kuinjika maharage.

Jumamosi ilipofika walikuja watu arobaini na moja. Kanisani wiki iliyofuata akina mama wawili walihama benchi alipoketi, na yeye aliimba palepale alipokuwa, kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya alimwomba aipunguze. Hakuipunguza. Lusungu alikuwa Nanyala siku hiyo na kamera yake, akipima jua kwenye machimbo, kwa sababu alikuwa ameanza sinema nyingine.